Kifuniko cha Ndoo

Kwa majira kumi na moja ya kiangazi, kazi ya Fekla ilikuwa kupangusa samaki. Alikaa kwenye ubao katikati ya boti, samoni amelazwa mapajani mwake juu ya turubai, akachukua kijiti chenye pamba na kukipitisha taratibu ubavuni, pale penye ute mwingi. Kijiti cha pili alikiingiza mashavuni, katikati ya matamvua mekundu. Kisha alichana tumbo na kukata kipande cha utumbo kisichozidi ukucha. Kila kitu kiliingia kwenye kichupa chake, kila kichupa kikaandikwa namba, na vichupa vyote vikalala kwenye sanduku la barafu mpaka ndege ivichukue.

Vilikwenda chuoni, kwa mtafiti aliyeitwa Marit. Mwaka wa kwanza Marit alikuja mwenyewe kijijini Ingricuar akamfundisha Fekla kazi, na siku hiyo alimwambia jambo ambalo halikumtoka tena kichwani. Alisema samaki huyu mmoja unayemwona ni mji mzima. Juu ya ngozi yake, ndani ya matamvua, ndani ya utumbo, wanaishi viumbe wadogo sana wasiohesabika, kila jamii na mtaa wake. Samoni akiiacha bahari na kuingia mto Yukon, wale waliozoea chumvi wanakufa mmoja mmoja, na wa maji baridi ya mto wanahamia kwenye nyumba zilizoachwa. Wapo wanaohitaji hewa, wapo ambao hewa ni sumu kwao. Na wengi wao, Marit alisema, hawana habari na sisi kabisa.

Fekla alipomsimulia mama yake, bibi Cikigaq alicheka mpaka akaweka chini shazia lake la kushonea.

"Kumbe wazungu ndiyo kwanza wamegundua tepa," alisema.

Maana tepa ndiyo hiyo. Unachukua vichwa vya samoni, unavizika kwenye shimo lililotandikwa nyasi, udongo ule wa chini ambao barafu yake haijawahi kuyeyuka unavipoza, na wale wasioonekana wanafanya kazi yao polepole hadi nyama inalainika na mfupa wa pua unatafunika kama tunda. Harufu yake inamfukuza mgeni uani. Cikigaq alivila tangu alipoota meno, na meno yalipokwisha aliendelea navyo kwa fizi.

Boti aliiendesha Sava. Cikigaq na baba yake Sava walikuwa ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo Cikigaq alikuwa shangazi yake, na Fekla binamu yake wa upande ule unaoruhusu utani. Huko kwao mtu mzima haambiwi usoni kwamba amekosea. Mzazi hatasema, jirani hatasema, padri atazunguka mbali. Binamu ndiye atakayesema, tena mbele za watu, tena kwa kicheko, na wewe utamrudishia kwa kicheko, kisha utakwenda nyumbani na kurekebisha. Mume wa Fekla alipozama na Fekla akaanza kunywa, watu walinyamaza majira yote ya baridi. Sava alikuja siku ya mtakatifu wa jina la Fekla na chupa tupu iliyofungwa utepe mwekundu.

"Nimekuletea mchumba," alisema. "Ila amekonda kidogo, naona umemmaliza."

Watu walicheka, na Fekla alicheka kuliko wote. Hakunywa tena.

Ndani ya boti Sava alimwita Mama Pamba, kwa sababu ya vile vijiti.

"Taratibu, Mama Pamba, utamtekenya. Tangu marehemu aondoke sijaona ukimshika mwanamume kwa upole hivyo."

"Huyu angalau ananyamaza. Wewe mkeo anakupangusa kwa ufagio."

"Ufagio nao una mapenzi yake."

Siku zilikwenda hivyo. Ila samaki walipungua. Maji ya mto yalizidi kupata joto, na samoni wakubwa, wale wanaoitwa wafalme, walianza kuja na vidoa vyeupe kwenye moyo, vidogo kama chembe za mchele. Fekla alivihesabu na kuviandika. Ukafika mwaka ambao serikali ilizuia familia zote kutega nyavu za wafalme, na mwaka uliofuata vilevile, na mwingine. Wavu wa utafiti ulibaki peke yake mtoni. Viunzi vya kukaushia samaki vilisimama vitupu mbele ya kila nyumba, na watoto wakavigeuza vya kuchezea.

Ilikuwa mwaka wa tano wa katazo hilo ndipo Cikigaq alipoacha kula.

Hakuugua. Alikuwa na miaka themanini na moja na akili yake ilikuwa timamu. Ila sahani ilikuja ikarudi. Fekla alimpikia supu ya bata bukini, akampondea viazi, akamfungulia makopo ya pichi ambayo zamani aliyapenda. Mzee alionja kijiko kimoja kwa heshima ya mpishi, akafuta mdomo.

"Mama, kula. Nakuomba."

"Mimi nimeshaingia mtoni, binti yangu. Wewe si ndiye unayewajua? Samoni akishaingia mtoni hali tena."

"Wewe si samoni."

"Basi niletee kichwa chake nimuulize."

Muuguzi wa zahanati alimpima uzito kila Jumatatu, na kila Jumatatu aliandika namba. Fekla aliisoma akichungulia juu ya bega lake. Alianza kuota mama yake akipungua kama sabuni. Usiku na mchana wazo lake lilikuwa moja tu: mama ale. Na mama alikuwa ametaja chakula kimoja.

Wiki ya tatu ya mwezi wa sita wavu ulikamata wafalme watatu. Utaratibu ulikuwa kwamba samaki wakishapimwa, nyama yao inagawiwa wazee. Fekla aliwapangusa wote watatu, akaandika namba zao, mia moja na kumi na tatu hadi mia moja na kumi na tano, akamwambia Sava hataki nyama. Anataka vichwa viwili.

Alikwenda kwanza kwenye shimo la tepa la familia, lililochimbwa na bibi yake, kule kingoni. Halikuwepo. Mto ulikuwa umekula ukingo msimu wa vuli uliopita, na pale pa shimo palikuwa na hewa tupu juu ya maji. Akarudi nyuma ya nyumba, akachimba. Alipofika kina cha mikono miwili udongo ulianza kutoa maji. Akasogea hatua kumi akachimba tena, maji tena. Alichimba mashimo manne siku ile. Ardhi ambayo mama yake aliijua ngumu kama chuma ilikuwa imelegea yote, na kila shimo lilimtazama kutoka chini kama jicho lenye machozi.

Vichwa viwili vilikuwa kwenye beseni, na nzi walishavijua.

Chini ya nyumba, katikati ya nguzo, kulikuwa na kivuli na ndoo nyeupe ya plastiki iliyokuja na unga. Fekla aliisafisha. Alikata nyasi ndefu za ukingoni akaitandika kama shimo linavyotandikwa, akaweka vichwa, akafunika nyasi, akaididimiza ndoo nusu yake ardhini pale palipokuwa pabaridi kidogo. Alijua kwamba watu walishakatazwa kutia tepa kwenye plastiki, kwa sababu ya sumu. Zahanati ilikuwa na karatasi ukutani, yenye picha ya ndoo iliyopigwa mstari mwekundu, na yeye mwenyewe ndiye aliyeyatafsiri maneno yake. Alijiambia kwamba ubaya wa ndoo ni kukosa hewa, na yeye hataikosesha hewa. Aliegesha kifuniko juu, upande mmoja akaushikiza na kijiti cha pamba.

Siku ya tano Sava alikuja kumchukua kwenda kazini, akainama, akaona.

"Eh! Mama Pamba! Siku hizi shangazi yangu unamlisha kwenye ndoo kama mbwa wa kuvuta sleji ya theluji?"

Fekla alikuwa akivaa buti. Palikuwa na watu wawili watatu wakipita njiani, wakasimama kusikiliza, kwa sababu utani wa wale wawili ulikuwa burudani ya kijiji.

"Afadhali mbwa anajua kuvuta. Wewe hata boti inakuvuta."

"Sawa, sawa. Ila nikija kumwona shangazi nimkute, usije ukaniambia umempeleka chuoni kwenye kichupa."

"Nitakupeleka wewe. Watafute kama kuna kiumbe chochote chenye akili kinachoishi juu yako."

Wapita njia waliangua kicheko. Sava aliinua mikono juu, ameshindwa. Fekla alipanda boti amefurahi, maana lilikuwa jibu zuri na alilipata papo hapo. Alilirudia moyoni njia nzima. Miaka yote, Sava alipotania, Fekla alikwenda nyumbani kutafuta kilichokuwa ndani ya utani. Siku ile hakutafuta. Alikuwa ameshinda.

Jioni yake mbwa wa jirani walizunguka nyumba wakinusa. Kesho yake timu ya utafiti ilikuwa inapanda mto kwa siku tatu. Fekla aliinama chini ya nyumba akachomoa kile kijiti, akakibana kifuniko kwa kiganja, pande zote nne. Ta, ta, ta, ta. Alisema moyoni atakifungua akirudi.

Zile siku tatu zilikuwa za joto ambalo hata wazee hawakulikumbuka. Waliporudi, watoto walikuwa wakiogelea mtoni, jambo ambalo watu wa Ingricuar hawakuwa na jina lake. Fekla alifungua ndoo. Harufu ilitoka ile ile, nzito, kali, ya nyumbani. Tepa nzuri inanuka na tepa mbaya inanuka. Pua haikumsaidia.

Mama yake alisikia harufu kabla hajaona sahani. Akainuka kitandani bila kushikwa mkono.

"Nani amefariki hapa vizuri hivi?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili alicheka kwa sauti.

Alikula. Alikula kwa vidole, akifyonza mifupa, akichagua vipande laini vya nyuma ya jicho, ute ukimtiririka kidevuni. Fekla alikaa sakafuni akimtazama. Naye alikula, kutoka kichwa cha pili, kwa sababu mama yake alimlazimisha. Cikigaq alisimulia habari za kambi ya samaki alipokuwa msichana, jinsi kaka yake, baba yake Sava, alivyoteleza kwenye utumbo wa samaki akaingia mtoni na kofia yake mpya. Alimaliza kichwa kizima. Akalamba kidole gumba.

"Sasa nimemuuliza," alisema.

"Amekwambiaje?"

"Anasema mtoni ni mbali."

Fekla aliosha vyombo akiimba. Ile ilikuwa saa njema kuliko zote alizopata tangu azike mume, na baadaye hilo ndilo lililomwia gumu kuliko mengine, kwamba furaha ile ilikuwa ya kweli.

Asubuhi Cikigaq alimtazama akiingia na chai, akakunja uso.

"Leo mko wawili."

"Nani na nani, Mama?"

"Wewe na wewe. Mmesimama mmeachana kidogo." Alilamba midomo. "Nipe maji. Kinywa kimekauka kama ngozi ya samaki."

Fekla alimpa maji. Mzee aliyapokea, akajaribu kumeza, yakatokea puani.

Hapo Fekla alijua. Hakuna mtu aliyehitaji kumweleza. Alimbeba mama yake mgongoni hadi zahanati, na uzito wake ulikuwa wa mtoto wa miaka kumi. Muuguzi aliwatazama, akauliza neno moja, "Ndoo?" na Fekla akaitikia kwa kichwa. Dawa ya kuivunja sumu ile ilikuwa mjini. Ndege iliitwa, lakini ukungu ulikuwa umelala juu ya mto, rubani alizunguka mara mbili wakimsikia bila kumwona, akarudi. Siku nzima Cikigaq aliomba maji. Walimlowesha midomo kwa pamba. Fekla ndiye aliyefanya, kwa mkono uleule, kwa kijiti cha namna ileile. Kope za mzee zilishuka taratibu na hakuweza kuzipandisha, lakini masikio yake yalikuwa wazi, na kila sauti ya ndege ilipokaribia alibonyeza kiganja cha binti yake.

Ndege ilitua siku iliyofuata. Mjini walimtia dawa na kumuunganisha na mashine ya kupumulia. Alifariki siku ya nne. Fekla hakuumwa hata tumbo.

Watu wa afya waliichukua ndoo. Majibu yao yalisema sumu ilikuwa kwenye mabaki ya kichwa kimoja. Kingine kilikuwa salama. Marit alipiga simu, sauti yake ikikatikakatika.

"Fekla, usijilaumu. Nakuomba."

"Nataka kuuliza kitu cha kazi."

"Uliza."

"Niliwapangusa mwenyewe wote watatu. Huyo kiumbe aliyemuua mama, nilimtia kwenye kichupa?"

"Huenda," Marit alisema. "Wapo kila mahali, kwenye tope, kwenye matamvua ya samaki wengi sana. Hawadhuru mtu. Wanakuwa wamelala, Fekla. Samaki anaweza kuwabeba maisha yake yote wamelala. Mpaka wapate joto, na wafungiwe mahali pasipo na hewa."

Fekla alimshukuru, akakata simu. Sasa alijua kilichowaamsha. Aliisikia sauti ya kifuniko, mara nne, pande zote nne.

Sava ndiye aliyetengeneza jeneza. Alilipiga randa vizuri na kulipaka rangi ya samawati. Hakusema neno kwenye mazishi, na Fekla hakushangaa, kwani mazishini utani hunyamaza. Fekla aliungoja kwa wiki nzima. Alingoja mpaka wavu wa utafiti ukatolewa mtoni na boti ikapinduliwa kifudifudi ukingoni. Sava alileta kuni, akazipanga mlangoni, akaondoka. Alileta nyama ya paa mkubwa wa kule, akaikabidhi kwa mikono miwili. Walipokutana dukani alimpisha atangulie.

"Habari za asubuhi, dada Fekla."

Dada. Maisha yake yote alikuwa hajamwita hivyo. Dada ni mtu ambaye humtanii.

Mto uliganda. Mwezi wa kumi na moja Marfa, binti wa Sava, alijifungua mtoto wa kike. Ikawa wazi kwa kila mtu jina lake ni nani, maana mtoto wa kwanza kuzaliwa baada ya msiba ndiye anayempokea aliyekwenda. Akaitwa Cikigaq. Kuanzia siku hiyo Sava alikuwa babu wa mtoto na mtoto alikuwa shangazi yake, na Fekla, mwenye miaka hamsini na mitatu, alikuwa na mama wa wiki mbili.

Siku ya kumpa jina nyumba ya Sava ilijaa. Kila aliyekuja alileta chakula ambacho marehemu alikipenda, kwa sababu anayekula siku hiyo anamlia yeye, naye anashiba. Fekla alileta bakuli kubwa la matunda mwitu aliyoyachuma mwenyewe na kuyapiga kwa mafuta mpaka yakawa meupe na laini. Aliliweka mezani kati ya vyakula vingine. Watu walipakua supu, wakapakua mikate, wakapakua nyama. Mikono ilipita juu ya bakuli lake kwa adabu kubwa. Mtoto mmoja alinyoosha kijiko, na mama yake akamwita upande wa pili wa chumba, kwa upole, kana kwamba amekumbuka jambo.

Marfa alimletea Fekla mtoto. Alikuwa na kikombe kidogo.

"Wewe ndiye wa kumpa, Shangazi Fekla. Maji tu. Maji yanatosha."

Fekla alimpokea mama yake mkononi. Alichovya kidole, akadondosha tone kila upande wa kichwa cha mtoto huku akitaja jina, kisha akaweka tone kwenye midomo. Mtoto alikunja uso, akafyonza. Fekla aliangalia koo lile dogo. Lilipanda, likashuka. Akaongeza tone jingine. Likapanda, likashuka. Akaongeza jingine, na jingine, mpaka Marfa akamshika kifundo cha mkono taratibu.

"Inatosha, Shangazi Fekla. Ameshakunywa."

Ng'ambo ya meza Sava alisimama na birika, ametazama chini. Fekla alimrudisha mtoto, akafuta mkono wake kwenye gauni. Hakujua atasema nini mpaka aliposikia sauti yake mwenyewe, kubwa kupita kiasi.

"Wewe Sava! Tumbo limekuwa ngoma! Unamlisha shangazi yako au unamlia chakula chake chote?"

Watu waligeuka, nyuso zikisubiri. Kila mtu pale alijua jibu linavyopaswa kuja. Angeweza kulitunga hata mtoto. Neno moja tu lilihitajika. Hata la kumkata maini. Hata la ndoo. Zaidi ya yote, la ndoo. Fekla alimtazama mdomo akimngoja alitoe.

Sava aliinua macho. Mdomo ulifunguka kidogo, na kwa punje ya muda kitu kilipita usoni pake, Fekla akakiona kabisa: lile onyo la ndoo aliyoiona chini ya nyumba, alilolisema kwa kicheko kwa sababu ndiyo njia pekee aliyopewa ya kulisema. Kisha kikafungwa.

"Kweli, dada," alisema. "Nimenenepa." Akasogea na birika. "Nikuongezee chai?"

Aliongezewa. Aliinywa yote, ikamuunguza ulimi. Wazee walipoanza kuaga naye aliaga, akavaa koti, akachukua bakuli lake mezani. Sava alimfungulia mlango na kumwangalia asiteleze kwenye ngazi zenye barafu. Njia nzima kurudi nyumbani bakuli lilikuwa zito kama alipolileta, na juu yake, yale matunda meupe yalikuwa laini, hayana alama ya kijiko.